Taa ya Kitanda cha Pili

Taa ya kitanda cha pili ilikuwa bado inawaka, na Hussni alikuwa hajaiondolea macho.

Upande wa pili wa ukuta, Fathiya na Shaaban walikuwa safarini kwenda Mirihi. Chombo chenyewe hakikuwa kimesogea hata hatua: kilikuwa chumba cha chuma ndani ya ghala moja la mji wa Saint Paul, huko ughaibuni, na watafiti walitaka kujua mwanamume na mwanamke wakifungiwa humo watakaaje, hadi mambo ya faraghani. Nje ulikuwa mchana wa theluji. Ndani ya chombo saa zilisema usiku.

Chumba cha kulala hakikuwa na kamera. Kulikuwa na vitanda viwili, cha kwanza cha Fathiya na cha pili cha Shaaban, kila kimoja na taa yake kwenye meza ya Hussni. Mtu akilala, taa inawaka, akiondoka, inazimika. Wenyewe walilijua hilo na walikubali. Kukaribiana au kutokaribiana ilikuwa hiari yao.

Hussni aliajiriwa kuangalia hewa na joto. Tangu mlango ufungwe, alikuwa akiangalia zile taa mbili tu.

"Kaka Hussni, unatetemeka," alisema Rachelle, muuguzi Mkongomani wa zamu yake. "Njo baridi ama njo wivu?"

"Wacha tu, dada."

"Yule si njo mama ya batoto yako? Uliacha je bamufunge na mwanaume mwingine? Na ile hina yote kwa mikono, ni ya nini?"

"Desturi zetu tu. Na huyo mwanaume nilimleta mimi mwenyewe. Shaaban ni beshte yangu, tulikuwa tunadrive teksi pamoja. Namtrust."

Ni kweli alimchagua yeye. Katika Waswahili wote wa mji ule hakukuwa na mtu mpole kama Shaaban, mtu wa kuinamisha macho hata mbele ya mwanamke anayemuuzia chai. Wakati ule Hussni alijiona mjanja. Sasa alijiona mpumbavu.

Kutoka kwenye kipaza sauti ilisikika sauti ya Fathiya, akimwuliza Shaaban jambo kwa upole. Kisha akacheka.

Kicheko kile kilimchoma Hussni. Nyumbani kwake hakikusikika tena tangu siku ile aliyopandwa na hasira na mdomo wake ukamponza. Alimpenda Fathiya, alimpenda sasa kuliko siku aliyomwoa, na kwenye meza ile ndipo angejua kama atakuwa wake au ndiyo basi tena.

"Zima hiyo sauti," alimwambia Rachelle. Rachelle akazima.

Taa ya kitanda cha pili ikapepesa. Hussni akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

Ikazimika.

Taa ya kwanza iliendelea kuwaka, peke yake. Wakangoja. Shaaban hakurudi kitandani kwake.

"Mon Dieu," alinong'ona Rachelle, akamshika mkono kwa nguvu. "Kaka, usiende kule. Fikiri batoto!"

Hussni alijichomoa. Jasho lilikuwa limemlowesha shati. Rachelle akakimbilia mlangoni, akausimamia kwa mgongo, tayari kupiga yowe.

Lakini Hussni hakwenda mlangoni. Alipiga magoti palepale sakafuni, akasujudu, na alipoinua uso alikuwa analia na kucheka.

"Alhamdulillah! Nilimwacha talaka tatu, dada. Dini hainiruhusu nimrudie mpaka aolewe na mwingine, na huyo mwingine amwingilie. Niliwaozesha asubuhi ya kufungwa mlango, na huyu bwege siku zote hizi alikuwa analala kwake! Sasa basi. Wakitoka tu anamwacha, tumeshapatana. Fathiya hajui hayo mapatano."

Rachelle alimtazama kama mtu asiyemjua. Kwenye meza, kitufe cha wito kutoka ndani kilianza kuwaka na kuzimika. Hussni akafuta machozi, akafungua sauti mwenyewe.

"Hussni," alisema Fathiya taratibu, "najua uko hapo. Mume wangu ameniambia mlivyopatana, na nimemsamehe. Waambie wenye chombo wasitufungulie mpaka tufike Mirihi."