Mhuri wa Kileleni

Hakuwa na viatu vya kupandia mlima. Alivaa vile vya kazini, vilivyotiwa soli mpya. Hakuwa na fimbo. Hakuwa na kofia ya kuziba masikio. Pumzi alikuwa nayo kidogo, na goti la kushoto alikuwa nalo kwa jina tu. Mke alikuwa naye, wa kumkumbusha yote hayo.

"Baba watoto," mkewe alisema nyuma yake, "ukitaka kupumzika sema tu. Usisingizie kutazama maua."

"Nayatazama kweli."

"Hilo ni jiwe."

Ilikuwa siku yao ya tatu mlimani, katika nchi ya watu. Walikwisha kuvuka mto kwa kurukaruka mawe. Walikwisha kulala ndani ya hema lililovuja upande wa mume peke yake. Walikwisha kufukuzwa na beberu aliyeupenda mfuko wao wa mikate, na mke ndiye aliyemrudisha kwao, kwa mwavuli.

Aliyewaleta huku ni shemeji. Kaka huyo wa mkewe aliwahi kusoma ng'ambo ujanani, na sebuleni kwake ilining'inia kadi ndani ya fremu: picha ya mlima huuhuu, na mhuri pembeni. Hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuketi kabla ya kuoneshwa.

"Kule kileleni yuko mzee mwenye sharubu," shemeji alizoea kusimulia. "Akifika mwanamume, anamgongea mhuri. Wanaume wengine ndio hao, kazi yao kuwagongea wenzao mihuri."

Hapo wote walimgeukia mume wa dada yake. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amegonga mihuri posta. Barua za dunia nzima zilipita mikononi mwake, naye hakwenda kokote. Mhuri wa shemeji aliujua kuliko mwenyewe: duara lenye ndege katikati, ndege hana mkia, na duara limekatika upande wa juu kama fizi iliyong'oka jino. Mhuri uliochakaa, alikuwa akijisemea kila alipouona. Kule kwetu posta tungekwisha kuutupa.

Siku alipoagwa kazini, shemeji alisimama kutoa nasaha, akaileta ile kadi. Uvumilivu una mwisho.

"Nisipokuletea mhuri kama huo," mstaafu alisema mbele ya ukoo mzima, "nitakuita Bwana Mkubwa mpaka siku ya kuzikwa."

Shemeji alimshauri aanze kujizoeza kulitamka.

Sasa, saa nane mchana, walifika chini ya mteremko wa mwisho. Kilele kilikuwa kimejifunika wingu, lakini njia ilionekana, nyembamba, ya mwendo wa saa moja. Goti likagoma. Alipanda hatua kumi, akakaa. Akasogea hatua tatu kwa makalio. Akatazama nyuma na kuona kwamba mkewe hacheki. Ndipo alipojua kuwa mambo yameharibika.

"Nenda wewe," alisema. "Umchukulie nduguyo mhuri wake."

"Nikuache na yule beberu? Hapana." Alimshika kwapani, akamsimamisha. "Bwana Mkubwa si jina refu, mume wangu. Litakutoka tu."

Kushuka kuliwachukua siku moja na nusu. Akilini mume alikuwa sebuleni kwa shemeji, wajukuu wamejipanga, wote wanangoja afungue kinywa.

Kwenye kituo cha basi, mwanzo wa njia ya mlimani, palikuwa na duka dogo. Siku ya kupanda walilipita alfajiri, likiwa limefungwa. Leo lilikuwa wazi, na mwanamke wa makamo alikuwa akichemsha chai. Mume alimsalimia kwa lugha aliyojifunza darasa la jioni, akaomba vikombe viwili, na kadi moja ya mlima. Angalau wajukuu wapate picha.

Mwanamke yule alivuta droo, akatoa mhuri, akaupulizia pumzi, akaugonga kwenye kadi. Hakuna aliyemwomba.

Mume aliichukua kadi na kuitazama kifundi, kwa mazoea tu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Ndege hakuwa na mkia. Duara lilikuwa limekatika upande wa juu.

"Mama," aliuliza taratibu, "mhuri huu ni wa nani?"

"Wa marehemu baba." Alionesha picha ukutani: mzee mwenye sharubu pana, amekaa mlangoni pa duka hilohilo. "Alikuwa akiwagongea wanaosubiri basi la kurudi. Wale wanaokuja, wakautazama mlima, wakasema labda siku nyingine."

"Na kule kileleni, nani anagonga?"

"Kule? Kule kuna upepo tu, bwana."

Mkewe alikuwa amekwisha kukaa kwenye benchi, uso ameuficha ndani ya mwavuli, mabega yanamcheza.

Mume aliomba bahasha na kalamu.

"Anza na Bwana Mkubwa," sauti ilitoka mwavulini. "Mtu akiahidi hutimiza."

Aliandika nyuma ya kadi, kwa ule mwandiko wake wa posta, bila haraka: "Bwana Mkubwa, mhuri wako huu hapa. Pale ulipofika wewe tumepaona. Tumepakuta wakati wa kushuka." Kisha akaitia kadi katika bahasha, akailamba, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika, akaitumbukiza kwenye sanduku la barua.