Uji wa Mzazi

Nilipoinua kibuyu nimwongeze Kathambi uji, harufu ya pombe ilinipanda puani.

Alikuwa ameketi kitandani, mtoto wa siku nne amelala kifuani. Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji, ingawa wao huniita daktari. Kwa miezi saba nilikuwa nikitoka Ruiri kwa miguu kila Jumatano kuja kukaa naye, asirudie pombe ya chang'aa. Hakuwa ameonja hata tone.

"Nimetia kidogo tu," mama mkwe wake alisema, akipangusa mdomo wa kibuyu kwa kitambaa safi. "Maziwa yamekataa kushuka. Hata mimi nilipewa hivyo nikizaa baba ya huyu mtoto."

Alisema kwa upole, kama mtu anayesubiri kushukuriwa.

Nilimgeukia Kathambi. Kikombe chake cha kwanza kilikuwa kimeisha. Alipitisha kidole ndani, akazunguka ukingo wote polepole, akakilamba kidole mpaka kwenye kucha.

Kisha akamtoa mtoto kifuani, akamlaza kando ya ukuta bila kumwangalia.

"Daktari," alisema, akininyooshea kikombe. "Niongeze."