Uji wa Bi Zena

Kila alfajiri Bi Salme alimpelekea dada yake uji wa mtama, akikatiza kwa kijia cha nyuma ya mikorosho. Mwaka huo mikorosho ilikatwa, ukajengwa ukuta wa matofali, na siku moja akakuta kijia kimezibwa.

Akauzunguka ukuta wote. Alifika jua limepanda, magoti yanamuuma, na uji umeganda.

“Salme, huu ni uji au udongo wa kukandikia nyumba?” Bi Zena aliuliza, akiugongagonga kwa kijiko. Tangu avunjike nyonga, hakuwa amevuka kizingiti chake. “Basi, mdogo wangu. Njia imekufa. Usije ukajiua kwa ajili yangu.”

“Njia haifi, dada. Imehama tu. Kesho utaunywa wa moto.”

Kesho yake aliamka na jogoo wa kwanza. Akatia tangawizi na pilipili manga, akaizika sufuria katika kikapu cha maranda, kisha akakiviringishia kikapu kanga mbili kama mtoto wa siku saba. Akaufuata ukuta taratibu, mkono mmoja ukipapasa matofali, wala hakupumzika.

Alipofika konani akamwona mtu ameketi juu ya tofali, anahema, mkongojo magotini na bakuli mkononi.

“Dada! Umefikaje huku?”

“Kwa matusi na mkongojo,” alisema Bi Zena. “Mimina, mwenzio nina njaa.”

Bi Salme akafungua kanga ya kwanza, kisha ya pili. Mvuke ukapanda taratibu, ukaupita ukuta.