Upande wa Nani

Kamanthe alikataa kuvua sweta. Joto lilikuwa limewabana wote mle kliniki, lakini mtoto huyo wa miaka saba alijikumbatia tu, mpaka babake, Mutinda, alipomwinamia.

"Vua tu, mwaitu. Daktari anataka kuona."

Mwaitu, yaani mama yangu. Ndivyo alivyomwita tangu azaliwe, kwa kuwa mtoto alipewa jina la marehemu mama yake Mutinda. Sweta likatoka. Hayakuwa malaika mepesi ya mwilini kama ya watoto wengine. Zilikuwa nywele hasa, nyeusi, mikononi kote hadi mgongoni, na juu ya mdomo palikuwa na kivuli. Wenzake walimwita Mzee.

Daktari Ilwad alifungua bahasha ya majibu ya damu. Kavutha, mamake mtoto, aliona kidole cha daktari kikishuka polepole mno kwenye karatasi.

"Homoni ziko sawa," daktari alisema. "Lakini niambieni kitu moja. Kuna mtu kwa familia ako na nywele kama hizi? Kama yuko, huyu amerithi tu, mtaenda nyumbani. Kama hakuna, lazima aende Nairobi tutafute kama kuna uvimbe ndani."

Kavutha alijishika kidevu. Miaka kumi na mmoja ya ndoa alikuwa akiamka kabla ya watu wote, eti awashe jiko, kumbe ananyoa ndevu kwa wembe aliouficha kwenye kopo kuukuu la majani chai. Alikuwa na sababu. Dadake alirudishwa kwao Kola wiki ya pili baada ya harusi, kwa ajili ya kidevu kama hicho hicho.

Alimtazama mwanawe akihangaika kurudisha sweta, akajionea haya kwa kusitasita. Heri arudishwe yeye kuliko mtoto ateswe bure.

"Daktari," alianza, "huyo mtu..."

"Ni upande wangu," Mutinda alimkata. "Mamangu alikuwa na ndevu kabisa. Huyu amefuata wajina wake."

Daktari aliandika, akatabasamu, akawaambia warudi baada ya miezi sita.

Kavutha alitoka akimshika mtoto mkono. Mama mkwe wake aliugua miaka miwili, na ni Kavutha aliyekuwa akimnawisha uso kila asubuhi. Kidevu kile kilikuwa laini kama cha mtoto mchanga. Basi Mutinda amedanganya kwa kuogopa Nairobi, alijiambia, na atalala na hofu hiyo kila siku asipoambiwa ukweli.

"Baba Kamanthe," alisema, "kuna kitu nimekuficha."

"Ngoja kwanza."

Mutinda aliingia dukani kwa Warfa, akatoka na peremende ya mtoto na kipakiti chembamba cha karatasi. Hicho akamtia mkewe mkononi.

"Ni wembe," alisema. "Ile ya kwa kopo imeshika kutu, itakukata."