Akifeli, Utamwoa Wewe

“Hapo umekosea,” mwalimu alisema, na papo hapo akaujutia ulimi wake.

Jamani, si angenyamaza tu! Kosa lile lingetosha kumwangusha binti kwenye mtihani, na binti akianguka, mwalimu ameula. Baba mtu, kinyozi mwenye duka chini ya chumba hichohicho cha masomo, alishatamka mbele ya wateja, wembe mkononi: “Mwalimu, mwanangu akifeli huo mtihani wa mantiki, utamwoa wewe! Umfundishe ovyo, halafu nimlishe mimi?”

Wateja walicheka mpaka machozi. Mwalimu, kichwa kimenyolewa upande mmoja, hakucheka. Alimpenda yule binti kupita kiasi, na hakuwahi kuthubutu kumwambia hata neno.

Sasa binti alikuwa ubaoni, vumbi la chaki hadi kwenye nyusi, akijaza jedwali la ukweli: K kwa kweli, U kwa uongo.

“Nimekosea wapi, mwalimu?”

“Mstari wa tatu. Tuseme nimekuambia, ‘Mvua ikinyesha, nitabeba mwavuli.’ Haikunyesha, nami nikabeba. Nimekudanganya?”

Binti akafikiri, akaguna. “Aa, hapana. Mvua isiponyesha, hukusema utafanya nini.”

“Basi andika K.”

Akafuta U, akaandika K, kisha akageuka akitabasamu kwa namna ambayo mwalimu hakuielewa. “Kumbe ni hivyo?”

“Ndivyo hivyo.”

Masikini, kajichimbia kaburi kwa mikono yake mwenyewe. Na kila siku iliyofuata akazidi kulichimba, maana kufundisha uongo hakuweza, hata kwa ajili ya mapenzi.

Matokeo yalipotoka, binti alipanda ngazi mbiombio. Amefaulu, tena amewapita wote. Mwalimu alimpa hongera kwa sauti ya mtu anayeumwa jino, akaanza kufuta ubao usio na maandishi.

“Mbona umenuna?”

Likamtoka. “Baba yako alisema ukifeli nitakuoa. Sasa umefaulu. Basi, yameisha.”

Binti akashika kiuno. “Na wewe ndiye uliyenifundisha? Nikifaulu, baba hakusema utafanya nini.”

Akamnyang’anya kifutio, akampangusa chaki begani.

“Hebu shuka chini, mwalimu. Baba kafunga duka, na wajomba zangu wote wameshakaa. Nimewaambia unakuja kuposa.”