Mapigo ya Asubuhi

Zilibaki siku tisa kabla ya mbio za mlimani, kilomita mia moja, nilipomshika mdogo wangu kifundo cha mkono kabla hajainuka kitandani. Mimi ndiye kocha wake. Kila akiamka hujihesabia mapigo ya moyo na kuyaandika daftarini. Yakipanda, mwili umechoka. Wiki nzima ameandika arobaini na sita.

Dakika ikaisha. Nilihesabu sabini na moja.

"Jana ulipumzika kama nilivyokuambia?"

"Nililala fofofo mchana kutwa, dada."

Nikapapasa chini ya kitanda, nikavuta kiatu chake. Ndani kimelowa jasho. Tope la mlimani kwenye soli lilikuwa bado bichi.

Hakukwepesha macho. "Wenzangu huko hawalali. Nikipumzika, nimekwisha."

Midomo yake ilikuwa imekauka hadi kupasuka. Mshipa ulizidi kunidunda vidoleni.

Nikamsogezea daftari.

"Basi andika. Ukweli."

Akachukua kalamu kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa bado mkononi mwangu, akaandika taratibu, kwa mwandiko mzuri: arobaini na sita.