Patasi Isiyoacha Alama

Shaweji alipoapishwa kuwa mkuu wa mji, kila picha na kila rekodi ya mkuu aliyemtangulia ilibadilishwa ikawa na sura na sauti yake yeye. Ndivyo sheria ilivyotaka, hata majumbani mwa watu. Na aliyemtangulia alikuwa marehemu Bi Zawena, mama yake wa kambo.

Nusu mwaka ulikuwa umepita, lakini Salhina, binti wa Bi Zawena, hakuweza kuitazama picha ya sebuleni bila damu kumchemka. Kwenye picha hiyo, hospitali aliyoijenga mama yake sasa ilikuwa inafunguliwa na Shaweji, ambaye mwaka ule wa ufunguzi alikuwa bado anakojoa kitandani!

"Sheria ni sheria, mke wangu," alisema Mbwana.

"Sheria gani ya kumwibia maiti? Mtoto wa kambo wa Malkia Hatshepsut wa Misri alipomfuta, mafundi waligonga patasi mpaka wakatoka jasho, na alama zikabaki kwenye mawe. Ndiyo maana leo tunamjua. Hawa wamefuta mpaka alama!"

Chumbani, binti yao Nasra alikuwa analazwa kwa wimbo ambao bibi yake, Bi Zawena, alimrekodia siku aliyozaliwa. Salhina alisikia sauti nzito ya kiume ikibembeleza, "Lala mwanangu, lala."

Alikimbia akaizima. Akampakata mtoto, akauimba mwenyewe, neno kwa neno, kama alivyoimbiwa na mama yake.

Nasra akamsukuma, machozi yakimtiririka.

"Sio hivyo, mama! Nataka wimbo wa mjomba."